Uasi au vita? Waacheni wanafunzi wabishane

Nilipokuwa sekondari, swali la historia lilikuwa na hoja sita. Ukileta tano umepoteza alama. Ukileta ya saba uliyoiwaza mwenyewe, unaulizwa umeitoa wapi. Siku moja niliandika "vita vya Maji Maji". Mwalimu akalikata neno kwa kalamu nyekundu, juu yake akaandika "uasi". Hakueleza kitu, na mimi sikuuliza.

Kumbe neno lile ndilo lilikuwa somo lenyewe. Mwasi ni mtu aliyeivunja mamlaka halali. Sasa, mwaka 1905, wale Wamatumbi wa kusini mwa Tanzania ya leo, walioanzisha Maji Maji kwa kung'oa pamba waliyolimishwa kwa nguvu na wakoloni wa Kijerumani, walikuwa wamempa nani mamlaka hiyo? Waingereza nao waliyaita mapambano ya India ya 1857 maasi ya askari. Wahindi wengi wanasema ni vita vya kwanza vya uhuru. Ufaransa ilipigana Algeria kuanzia 1954 hadi 1962, ila sheria yake ilikubali kutamka "vita" mwaka 1999. Miaka yote hiyo zilikuwa "operesheni" tu!

Ndiyo maana malumbano ya mitaala hunichosha. Huyu anataka shujaa fulani aingizwe, yule anataka mwingine atolewe, kisha kitabu kipya kinachapwa na mtoto anakikariri vilevile alivyokariri cha zamani. Kiwe cha mkoloni au cha kizalendo, kasuku ni yuleyule.

Mimi ningemwekea mwanafunzi takwimu mbili mezani. Wajerumani walikadiria waliokufa katika Maji Maji kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa, maana jeshi lilichoma mashamba na maghala. Haya, nani alihesabu? Mama aliyekufa miezi mingi baada ya ghala lake kuteketezwa, yumo au hayumo? Na aliyeandika ripoti alikuwa na faida gani hesabu ikiwa ndogo? Hapo darasa halilali.

Walimu watanijibu kwamba silabasi ni ndefu na mtihani unabisha hodi. Ni kweli, tena si kosa lao. Mwalimu hufundisha kile kitakachosahihishwa. Basi mada zipunguzwe, na mtihani uanze kubadilika. Siku likitoka swali "Uasi au vita? Tetea jibu lako", nitaomba kazi ya kusahihisha, hata bila posho.