Akiba ya shirika la hisani: busara au uchoyo?

Uchumi ukiyumba, mashirika ya hisani hulaumiwa kwa mambo mawili yasiyokaa chungu kimoja. Lenye fedha benki huulizwa linamwekea nani ilhali watu wanalala njaa. Lisilo na kitu likifunga milango, wauliza swali wale wale husema uongozi ulikuwa mbovu na haukuwaza kesho. Lawama zote mbili zina hoja ndani yake, ndiyo maana ubishi huu hurudi kila mdororo unapobisha hodi.

Mfano unaotajwa sana na upande wa pili ni Kids Company, shirika la London lililohudumia watoto na vijana wa familia zenye shida. Mwanzilishi wake, Camila Batmanghelidjh, alikuwa na ushawishi mkubwa, na mawaziri wa vyama vyote viwili vikubwa walimfungulia milango. Kwa miaka mingi shirika lilipata zaidi ya pauni milioni 40 za serikali. Falsafa yake ilikuwa kwamba mtoto akifika mlangoni harudishwi, kwa hiyo fedha zikiingia zinatoka. Mwishoni mwa Julai 2015 lilipewa ruzuku nyingine ya pauni milioni 3, ingawa mtumishi mkuu wa ofisi iliyoitoa alikuwa ameshauri isitolewe. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Agosti, lilifungwa.

Kisa hiki husimuliwa kama funzo la uzembe, lakini si chepesi hivyo. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Uingereza ilikataa kuwafungia wajumbe wa bodi wasiongoze tena kampuni. Jaji aliona kwamba, kama si tuhuma zilizozuka wiki zile na ambazo hazikuthibitika, mpango wa kulinusuru shirika huenda ungefaulu. Nakubaliana naye. Ila shirika lenye matumizi ya miezi mitatu benki haliuawi na wiki moja mbaya, na hili liliuawa.

Hapo mtetezi wa akiba hujiona ameshinda, mpaka akumbushwe Oktoba 2008. Benki za Iceland zilipoanguka, mashirika kadhaa ya Uingereza yaliyokuwa yameweka fedha humo, mengine kwa sababu riba ilikuwa nzuri, yalikuta akaunti zimefungwa. Cats Protection, linalotunza paka, lilikuwa na pauni milioni 11.2 katika Kaupthing Singer & Friedlander. Naomi House, nyumba ya kuwauguza watoto wenye maradhi yasiyopona, ilikuwa na milioni 5.7. Serikali iliwakinga wawekaji wadogo, mtu mmoja mmoja, lakini mashirika haya yakaachwa yapange foleni pamoja na wadai wengine. Sehemu kubwa ya fedha ilirudi baada ya miaka. Lakini akiba ya dharura inayorudi dharura ikishapita imekufaa nini? Wengine wangeuliza, na wana haki, kama zile milioni zisingekuwa zimeshahudumia watoto.

Pwani ya Afrika Mashariki ubishi huu uliamuliwa zamani, na uliamuliwa kwa kutochagua. Zaka hutolewa ikawafikie wanaostahiki, haikukusudiwa kulimbikizwa. Wakfu ni kinyume chake: nyumba, duka au shamba la minazi huwekwa, mali yenyewe haiuzwi, na kodi au mazao yake ndiyo yanayolisha msikiti, madrasa na maskini mwaka hadi mwaka. Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Mombasa kuna Tume ya Wakfu. Kwa desturi zaka haidaiwi ijenge nyumba ya kupangisha, wala nyumba ya wakfu haiuzwi ili watu wale leo. (Wakfu nao una udhaifu wake. Mji Mkongwe nyumba nyingi za wakfu zimekuwa zikipangishwa kwa kodi ndogo mno, isiyotosha hata kuziba paa. Akiba ya kudumu isiyosimamiwa huoza polepole, na hakuna anayepiga kelele.)

Tatizo la AZAKI (asasi za kiraia) nyingi za leo ni kwamba hazina zaka wala wakfu. Zina ruzuku yenye masharti, yaani fedha iliyopangwa mstari kwa mstari: mishahara kiasi hiki, mafuta ya gari kiasi hiki, semina mbili. Anayesema shirika halikuweka akiba aseme kwanza lingeitoa katika mstari upi.

Chukua lililotokea Kenya mwaka 2024. Mwishoni mwa Januari dola moja ilikuwa karibu shilingi 160. Mwezi Februari serikali ikapata mkopo mpya nje ili kulipa ule wa dola bilioni mbili wa mwaka 2014, hofu ikatulia, na kufikia Aprili dola ilikuwa karibu shilingi 130. Nchi ilishangilia. Shirika lililoahidiwa dola 100,000 na likapanga bajeti kwa kiwango cha Januari lilikuwa na shilingi milioni 16 kwenye karatasi. Sasa lina milioni 13. Mfadhili hajapunguza hata senti, kodi ya ofisi haijashuka, na mishahara ni ile ile. Milioni tatu zimeyeyuka kwa sababu ya habari njema. Shilingi ikianguka, hesabu hugeuka na shirika hupata ziada, lakini wafadhili wengi hutaka ziada hiyo iingizwe kwenye mradi au irudishwe. Hasara ni yako, faida si yako. Biashara yoyote yenye mkataba wa namna hiyo ingekuwa imeshafungwa.

Halafu kuna mwisho wa mwaka. Aliyewahi kufanya kazi katika mashirika haya anaijua Novemba: ghafla kuna warsha hotelini, kuna vitabu vya kuchapisha, kuna kompyuta mpya ambazo hakuna aliyeziomba. Salio lililobaki huhesabiwa kama ishara kwamba shirika limeshindwa kazi, na hurudi kwa mfadhili, tena mwaka unaofuata huenda akapunguza. Kwa hiyo mhasibu mwangalifu aliyebana matumizi anaadhibiwa, na aliyemaliza kila shilingi anapongezwa kwa utekelezaji mzuri. Baada ya miaka kumi ya mafunzo hayo tunashangaa kwamba shirika halina kitu benki.

Matokeo yake yalionekana mwaka 2025. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump alisimamisha misaada ya nje ya Marekani, na siku chache baadaye barua za kusitisha kazi zikaanza kufika. Machi 10 waziri wa mambo ya nje, Marco Rubio, alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID imefutwa, na Julai 1 shirika lenyewe likakoma kuwa chombo kinachojitegemea. Atakayesema huu haukuwa mdororo wa uchumi bali uamuzi wa kisiasa yuko sahihi, lakini kwenye daftari la mhasibu havitofautiani. Na mdororo halisi umeshawahi kufanya vivyo hivyo, ila taratibu: Novemba 2011, nchi tajiri zikiwa bado zinauguza majeraha ya 2008, Mfuko wa Dunia wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria ulifuta awamu yake yote ya 11 ya ruzuku.

Kilichouma zaidi mwaka 2025 ni malipo ya nyuma. Mashirika mengi yaliyopokea fedha za Marekani hutumia kwanza kisha hudai. Barua ilipofika, kazi ya Desemba na Januari ilikuwa imeshafanyika na haijalipwa. Suala hilo lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na Machi 5, kwa kura 5 dhidi ya 4, majaji walikataa kuzuia amri ya jaji wa chini iliyoitaka serikali ilipe takriban dola bilioni mbili za kazi iliyokwisha fanyika. Shirika dogo la wilayani, lililopewa kazi na shirika kubwa ambalo nalo lilipewa na mkandarasi wa Washington, lilikuwa mwisho kabisa wa foleni hiyo.

Halafu sheria ya kazi ya nyumbani. Kenya, mtumishi anayepunguzwa hulipwa angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Tanzania ni siku 7 kwa mwaka, kwa miaka isiyozidi kumi. Muuguzi wa Kenya mwenye mshahara wa shilingi 80,000 na miaka minane kazini anadai 320,000, achilia mbali notisi na likizo. Wakiwa ishirini kama yeye, ni milioni 6.4. Nani anazitoa? Kama mfadhili amevunja mkataba na hakukuwa na mstari wa kiinua mgongo, shirika linabaki na watumishi kwenye korido, wakili mlangoni na akaunti yenye fedha za mfadhili mwingine ambazo haliruhusiwi kuzigusa. Mkurugenzi akizigusa, hata kwa nia njema, mkaguzi wa hesabu atamkuta.

Bado sitaki kuupuuza upande wa kutumia, kwa sababu una nguvu kuliko watu wa fedha wanavyokubali. Mdororo ndio wakati wenyewe ambao misaada ilitolewa kwa ajili yake. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya VVU akikosa dozi mwaka huu, huwezi kumlipa fidia kwa dozi maradufu mwakani. Mtoto aliyekosa lishe katika miaka yake miwili ya kwanza hairudii. Bodi ikisema tubane sasa ili tudumu, imeamua kwamba uhai wa shirika una uzito sawa na uhai wa anayehudumiwa, na uamuzi huo mara nyingi hufanywa na watu wasio na dozi ya kukosa. Zipo taasisi ambazo akiba imekuwa ndiyo kazi yake. Marekani iliona hatari hiyo mapema, ndiyo maana sheria yake inazilazimu taasisi binafsi za ufadhili (private foundations) kutoa takriban asilimia 5 ya mali zao kila mwaka.

Juni 2020, wakati wa Korona, Ford Foundation ilijaribu njia ya kati: iliuza hatifungani za dola bilioni moja, yaani ilikopa kwa wawekezaji, riba ikiwa chini, ili iongeze ruzuku bila kuuza hisa zake sokoni kwa bei ya hasara. Ni hesabu ya kupendeza, kwa mwenye mali ya zaidi ya dola bilioni kumi. Huwezi kuliambia shirika la Kisumu lenye pikipiki mbili likauze hatifungani.

Ushauri mwingine unaotolewa sana ni kuanzisha biashara. Msalaba Mwekundu wa Kenya ulifanya hivyo, ukafungua hoteli za Boma na huduma ya magari ya wagonjwa ya E-Plus. BRAC, shirika la maendeleo la Bangladesh, lina maduka ya Aarong tangu 1978, na benki. Lakini BRAC imejenga hayo kwa miongo kadhaa, na mwaka 2020 ulionyesha kasoro ya hoteli: zilikosa wageni mwezi ule ule ambao mahitaji ya misaada yalipanda. Vyanzo vitano vya mapato vinavyoanguka siku moja ni chanzo kimoja.

Mimi naegemea akiba, lakini si ile ya kanuni ya miezi mitatu au sita inayonakiliwa kutoka mwongozo hadi mwongozo. Kipimo changu ni madeni: kiinua mgongo cha watumishi wote, notisi ya pango, na gharama ya kuwahamishia wagonjwa au wanafunzi kwa mtoa huduma mwingine bila kuwatupa. Jumla ya hapo ndiyo kiasi. Chini yake bodi inacheza kamari na watu. Juu yake sana, na njaa iko nje, inapaswa kujieleza hadharani kwenye hesabu za mwaka, shilingi kwa shilingi, na ikishindwa itumie.

Na zitoke wapi? Si kwa wananchi, kwa kweli. Mwaka 2011 Wakenya walichangia mamia ya mamilioni ya shilingi, wengi wao kwa M-Pesa, waliposikia njaa ya Turkana, na kila wiki wanachangiana bili za hospitali. Wanachangia mgonjwa mwenye jina. Hakuna kundi la WhatsApp litakalochangisha kiinua mgongo cha mhasibu. Kwa hiyo inabaki ile asilimia inayoongezwa kwenye ruzuku kwa ajili ya gharama za uendeshaji, ambayo kwa ruzuku za serikali ya Marekani kiwango chake cha kawaida kilipandishwa kutoka 10 hadi 15 tangu Oktoba 1, 2024, miezi mitatu na ushei kabla ya bomba kufungwa. Asilimia ya namna hiyo mara nyingi huishia kwa shirika kubwa la kimataifa, na lile la wilayani likaambiwa liwasilishe risiti. Kabla ya kulikemea kwa kukosa akiba, mfadhili asome mkataba wake mwenyewe, aangalie asilimia hiyo imeishia ngazi ya ngapi, na kama kuna kifungu kinachosema nani atalipa watumishi siku atakapouvunja.