Meno ya Arusha si uchafu

Kuna makala imesifu saluni zinazong'arisha meno, ila mwandishi wake kaacha jambo kubwa kwetu wa Arusha na Meru. Rangi ya kahawia tuliyo nayo wengi si uchafu wala uvivu wa kupiga mswaki. Ni floridi, madini yaliyomo kwenye maji tuliyokunywa utotoni, na magadi ya kwenye maharage yanachangia. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vya huku vingine vinapita hapo mbali sana. Doa hilo liliingia jino likiwa bado linajijenga ndani ya ufizi, kwa hiyo dawa ya kung'arisha peke yake mara nyingi hailiwezi. Tena yale mabaka meupe huweza kuonekana zaidi.

Ukitaka kung'arisha, daktari wa meno atakuangalia kwanza: kama kuna jino limetoboka, atalitibu kabla ya yote. Ataziba fizi zako dawa isiziunguze. Halafu muulize hili kabla hujalipa: jino la bandia au sehemu ya jino iliyozibwa haibadiliki rangi, kwa hiyo unaweza kutoka na jino moja la mbele limeachwa nyuma na wenzake! Meno kuona ganzi ukinywa maji baridi kwa siku chache baada ya hapo ni kawaida.

Uingereza kazi hii ni ya wataalamu wa meno waliosajiliwa tu. Huku anakupaka msusi. Na ndimu na mkaa jamani, acheni, vinakula jino.