Kuhamia Guangzhou, au kwenda na kurudi?

"Mama mdogo, nimechoka na hizi safari. Nahamia Guangzhou moja kwa moja." Mtoto wa dada yangu aliniambia hivyo mwezi uliopita, dukani kwake Kariakoo, huku akitundika kava za simu ukutani. Ana mke na binti wa miaka minne. Mara mbili au tatu kwa mwaka hupanda ndege, hukaa wiki mbili, hununua, hufunga mzigo na kurudi. Hesabu yake ni hii: nauli, hoteli na viza za safari zote hizo zingelipa kodi ya chumba kule, na akiwa mkaazi angewanunulia na wenzake, apate kamisheni. Mimi nimeishi Guangzhou, jiji la biashara kusini mwa China, miaka sita kabla ya kurudi Dar, ndiyo maana alinitaka ushauri. Namjibu kwa maandishi kwa sababu swali hili naulizwa na wengi.

Kwanza ana hoja, na hoja yake ni nzito kuliko anavyoieleza mwenyewe. Mtu wa wiki mbili Guangzhou anaona vioo vya maduka tu. Anazunguka masoko ya Baima na Shahe kwenye nguo, na la Nanfang Dasha kwenye vifaa vya simu, anaoneshwa sampuli, analipa arubuni, anaondoka. Mzigo wenyewe unatoka kiwandani yeye akiwa tayari nyumbani. Mkaazi ndiye anayeuona mzigo. Mwaka wangu wa pili kule nilimsimamia mfanyabiashara mmoja wa Mwanza oda ya chaji za simu. Sampuli aliyoikubali ilikuwa na gramu 60. Niliipima kwa mzani mdogo wa jikoni niliokuwa nikipimia unga. Siku ya kupakia nikaenda godauni na mzani wangu kwenye mkoba. Katoni za juu zilikuwa sawa. Nikaomba wanifungulie ya chini kabisa, yule kijana wa godauni akanitazama, akamtazama bosi wake. Chaji ya kwanza kutoka mle ilisoma gramu 38. Rangi ile ile, nembo ile ile, ila ndani hamna kitu. Tulirudisha zaidi ya nusu ya mzigo. Nisingekuwapo, mteja wangu angezipokea zote kule Mwanza, na lawama zingemfuata dukani mpaka leo.

Hiyo ndiyo faida ya kuwapo, na haipatikani kwa safari. Siku hizi wengi wanasema haina haja tena: viwanda vinapatikana kwa WeChat, programu ya simu wanayowasilianiana Wachina, muuzaji anakupigia video anakuonesha katoni moja baada ya nyingine, na Wachina wenyewe wameshafungua maduka Kariakoo. Ni kweli, na kamisheni ya mtu wa kati imebanwa sana. Lakini video haipimi uzito.

Na maisha ya mji ule nayasema bila kusita: ni mazuri. Jiji la watu zaidi ya milioni 18, na mwanamke anatembea saa sita usiku kutoka kituo cha treni ya chini ya ardhi hadi nyumbani bila kugeuka nyuma. Mtaa wa Xiaobei, wanakokutana Waafrika, unakula wali na mchuzi wa mbuzi, na kwenye meza tatu unasikia Kiswahili cha Temeke, cha Mombasa na cha Lubumbashi. Ijumaa wengi tuliswali katika msikiti ambao kwa mapokeo ya pale umejengwa penye kaburi la sahaba Saad bin Abi Waqqas; Wakristo nao wana kanisa kubwa la mawe ambalo Jumapili hujaa Waafrika. Mtu wa pwani hajisikii amekwenda mwisho wa dunia. Vipande vya bakuli za Kichina vimefukuliwa Kilwa na Gedi. Njia hii walipita waliotutangulia. Hali ya hewa ndiyo ilinishinda kidogo. Kuna majuma, mwisho wa baridi, kuta na sakafu hutoa jasho na nguo hazikauki siku nne, na mimi ni mtu wa Dar niliyezoea unyevu.

Sasa upande wa pili, na huu naomba mpwa wangu ausome mara mbili. Guangzhou hauishi kwa sababu una hela au una juhudi. Unaishi kwa karatasi. Viza ya biashara anayotumia inamruhusu kununua na kuondoka, haimfanyi mkaazi. Kibali cha kazi, tangu utaratibu wa kuwapanga wafanyakazi wa kigeni kwa madaraja A, B na C uanze mwaka 2017, kwa kawaida kinataka shahada ya chuo kikuu, uzoefu wa miaka miwili na mwajiri anayekuombea. Yeye aliishia kidato cha nne. Kufundisha Kiingereza, kazi inayotajwa sana, kanuni zinataka mwalimu atoke nchi ambayo Kiingereza ni lugha mama. Pasi ya Tanzania au Kenya haihesabiwi hata ukiongea vipi. Kufungua kampuni kunawezekana, ila ni kampuni kweli: anwani, mhasibu, kodi, na mapato yanayoonekana. Uanafunzi wa lugha unakupa ukaazi, lakini haukupi ruhusa ya kufanya biashara pembeni. Wengi wanaifanya. Sheria inayotumika tangu Julai 1, 2013 inawawekea faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kesi ikiwa nzito wanawekwa ndani. Ukizidisha siku za viza ni yuan 500 kwa kila siku, mwisho 10,000, au kifungo cha siku 5 hadi 15, na unaweza kurudishwa kwenu.

Nataka nieleze karatasi moja ndogo, maana watu wanaidharau. Ndani ya saa 24 baada ya kuingia nyumba mpya, mgeni anatakiwa ajiandikishe polisi. Unapewa kikaratasi chepesi chenye jina lako, namba ya pasi na anwani. Mwenye nyumba wangu wa kwanza hakutaka kwenda nami kituoni, na bila mkataba wake na kopi ya kitambulisho chake askari hawakuniandika. Nilikaa kwenye benchi la chuma tangu asubuhi hadi alasiri, nikimpigia simu, nikijua kwamba ikifika usiku nimeshavunja sheria kwa kosa ambalo si langu. Alikuja. Tangu siku hiyo kikaratasi kile nilikiweka kwenye nailoni nyuma ya pasi, na kila nilipohama nyumba au kubadilisha viza nilirudi kituoni. Miaka sita, sikuwahi kulala usingizi wa mtu aliye kwake. Na sikuwa mwoga wa bure: Julai 2009 Mnaijeria mmoja aliyekimbia ukaguzi wa pasi aliruka kutoka ghorofani akaumia, na Waafrika wengi wakaandamana hadi kituo cha polisi.

Halafu kuna Aprili 2020. Nilikuwa nimesharudi Dar. Baada ya Waafrika kadhaa kukutwa na korona, watu wetu walitolewa nyumbani na hotelini, wakafungiwa karantini, wengine wakalala nje. Walikuwamo wenye vibali halali, kodi imelipwa, vipimo safi. Ndicho kilichoniumiza, maana sisi tuliamini karatasi inatosha. Mabalozi wa Afrika walioko Beijing walimwandikia waziri wa mambo ya nje, Wang Yi, na baadaye wakuu wa jimbo la Guangdong, lenye mji wa Guangzhou, wakatoa maagizo ya kukataza ubaguzi. Sitaki kuwapaka Wachina wote rangi moja. Mwenye nyumba wangu wa mwisho, bibi mmoja, aliniletea supu mlangoni siku tatu nilipokuwa na homa. Na sisi wenyewe, Julai 2025 serikali yetu imewakataza wageni kufanya aina 15 za biashara ndogondogo, nasi Kariakoo tulishangilia. Nilishangilia na mimi. Lakini anayeshangilia hapa asiende kule akidhani mchuuzi wa Guangzhou hana moyo kama wetu wa kulinda riziki yake.

Kinachonisumbua zaidi ni mke na mtoto, na mpwa wangu hakuwagusia kabisa. Akipata ukaazi, mke anaweza kumfuata kwa kibali cha familia, ila kibali hicho hakimruhusu kufanya kazi. Sasa hivi ana saluni yake Tandika, ana wateja, ana mchezo na wenzake. Kule atakuwa mama wa nyumbani ghorofa ya kumi na nane, hajui kusoma hata jina la kituo cha basi. WhatsApp imefungwa, na bibi wa mtoto aliye Lindi atafundishwa WeChat ndipo amuone mjukuu. Shule za kimataifa ni za gharama kubwa mno kwa muuza kava. Akienda shule ya Kichina, atakijua Kichina vizuri sana, na sioni ubaya. Lakini hata akikulia hapo hatakuwa raia kwa hilo. Sheria ya uraia ya China ya mwaka 1980 inafuata damu, na haitambui uraia pacha.

Kwa hiyo nikipima, kamisheni na mzani vinamvuta aende, na mimi naona aendelee kwenda na kurudi kwa sasa, ila abadilishe namna ya kwenda. Badala ya wiki mbili, akae muda wote ambao viza yake inamruhusu, asubiri mzigo upakiwe, afungue katoni za chini. Aungane na wenzake wawili wa Kariakoo wapokezane, ili siku ya kupakia awepo mmoja wao. Akiona lazima ahamie, basi aanze na kampuni iliyosajiliwa, ikiwezekana na mbia aliyesoma, si uanafunzi wa kujifichia. Na kabla ya yote akae na mke wake, amwambie habari ya kile kibali kisichoruhusu kazi, asikie atasema nini.

Nilimsomea haya kwa simu. Alinyamaza, kisha akauliza kama ule mzani bado ninao. Ninao, uko jikoni. Jumamosi atakuja kuuchukua, na nimemwambia aje na mkewe.