Fundi, Chetezo Chako Chatema

Aliyezaliwa Mombasa haambiwi kwamba matumbawe yakichomwa huwa chokaa. Fort Jesus iko pale tangu 1593, na imejengwa kwa hivyo viwili. Hata mimi nilijua. Nilisahau siku zile tu nilipokuwa nikifinyanga vyetezo 24 vya harusi moja ya Mji wa Kale.

Udongo niliokuwa nao ulinata kupita kiasi. Wa namna hiyo ukifinyangwa mtupu hunywea sana unapokauka, ukapasuka midomoni. Dawa ni kuukanda na kitu kisichonywea, mchanga wa mtoni au vigae vilivyotwangwa, kipimo kimoja kwa vitatu vya udongo. Mchanga wa mtoni ulikuwa umeniishia. Ufuo wa Bamburi nao umejaa mchanga mweupe, laini, tena wa bure. Nikateka ndoo.

Kazi ikaenda kama mteremko. Siku kumi kivulini, hakuna ufa. Nikavipaka tope jepesi jekundu, nikavisugua kwa kokoto laini hadi vikang'aa. Jokoni nilianza na moto mdogo kwa saa tatu, maana maji yaliyobaki yakichemkia ndani ya udongo, chombo hulipuka. Kisha nikaupandisha hadi nyuzi 900. Vyote 24 vikatoka vizima, nami nikatembea kifua mbele.

Kumbe ule si mchanga wa mawe. Ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Joto likivuka nyuzi 800 hivi, hutoa kabonidioksidi, ikabaki chokaa isiyozimwa, na chokaa isiyozimwa ina kiu. Hewa yetu waijua, hata chumvi mezani hushikana. Kila chembe ikaanza kunywa unyevu, kuvimba, na kusukuma ukuta wa chetezo kutoka ndani.

Harusi ilikuwa siku ya tano. Udi umeshatiwa, wanawake wamejaa, vigelegele juu. Pa! Kibanzi cha ukubwa wa kucha kikaruka, kikatua kwenye sinia la halua. Pa! Kimya. Bibi mmoja akatamka kwamba nyumba ina wenyewe, na udi haukutosha. Udi ukaongezwa. Pa! Pa!

Nikaitwa mlangoni. "Fundi, chetezo chako chatema."

Nikaokota kibanzi kimoja. Kwenye shimo kilikobanduka palikuwa na doa jeupe kama punje ya mchele. Hapo nikamjua jini mwenyewe.

Ndimu moja ingeniokoa. Ukiikamulia mchanga mkavu ukatoa povu, basi waachie waashi. Ukishafinyanga nao, choma chini ya nyuzi 700, ingawa chombo hutoka laini kidogo. Ukishapitiliza, kitumbukize majini mara kipoapo, kabla chokaa haijazimika polepole kwa unyevu wa hewani. Mara nyingi hupona, si mara zote. Vyangu vilikuwa vimekaa rafuni siku tano, vikinisubiri.

Nilimweleza yule bibi habari yote ya chokaa, na ndimu nikamkamulia mbele yake, povu akaliona. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikata kauli.

"Na huyo aliyekutuma ufuoni ukachukue mchanga, mwanangu," akaniuliza, "wamjua?"