Ndugu Sijakuba

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu imekaa ukingoni mwa uwanja wa mtaa wetu, hapa Dar, tangu watoto wangu hawajazaliwa. Uwanja wenyewe ni mchanga mtupu. Goli moja liko bondeni, na ukipiga kona ya upande wa msikitini lazima usimame ndani ya mtaro. Lakini ndio tulio nao. Hapo vijana wanacheza ndondo, hapo tunaswali Idi, hapo tunatandika maturubai ya msiba, na jezi zikichanika zinanijia mimi. Kwenye ramani ya mipango miji umeandikwa "eneo la wazi". Nimeiona kwa macho yangu.

Basi asubuhi moja nakuta tangazo limegongomelewa kwenye mwarobaini. Kusudio la kubadili matumizi ya ardhi, kutoka eneo la wazi kuwa kituo cha mafuta. Sheli! Jamani, kutoka kwangu hadi kituo cha daladala sheli ziko nne, na mimi sina hata baiskeli. Chini wameandika kiungwana kabisa: mwenye pingamizi awasilishe kwa maandishi ndani ya siku... Siku ngapi? Hapo mvua ilishapita na wino. Mimi nikasoma 30. Muuza mihogo akasoma 3, akakimbia. Mjumbe wetu, ambaye macho yake yanaona vitu vya mbali tu, akasoma 80, tukashangilia.

Kuna kijana wa jirani anasoma sheria chuoni. Akaniambia, "Mzee usiogope, Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inasema ardhi yote ya nchi hii ni ya umma, Rais ameishika kama mdhamini tu kwa niaba yenu. Na Katiba, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote." Nikarudi nyumbani nimevimba kama andazi. Nikamwambia mama watoto, "Unajua kwamba humu ndani unaishi na msingi wa mamlaka?"

Akasema, "Msingi wa mamlaka, gesi imeisha."

Nikaandika barua. Dada wa steshenari akanichapia: YAH: PINGAMIZI LA KUBADILI MATUMIZI YA ARIDHI. Nikamwambia dada yangu, ni ardhi. Akanijibu kuwa barua zote anazochapa zinaandikwa hivyo na hajawahi kurudishiwa hata moja. Halafu sentensi ya kwanza: "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu." Sijui nani alituloga. Huwezi kumwandikia mtu wa ofisini mpaka kwanza umhusishe na kichwa.

Nikaipeleka halmashauri. Dirisha la masjala dada akaitazama juu, akaitazama chini, akanirudishia. "Haina K.K." Ipitie kwa mwenyekiti wa mtaa, ikitoka hapo ipitie kwa mtendaji wa kata, ndipo ije. Nikamweleza kwamba ombi la kubadili matumizi lilikuja na muhtasari wa mkutano wa mtaa, na muhuri uliopo kwenye huo muhtasari ni wa huyohuyo mwenyekiti. Akasema, "Ndiyo, kwa hiyo anaujua mgogoro."

Tumezoea kusema kesi ya ngedere ukimpelekea nyani umekwisha. Kwetu imezidi. Kabla hujafika kwa nyani, ngedere mwenyewe ndiye anakugongea muhuri.

Mwenyekiti akanipokea vizuri, sina la kusema. Kiti akanifutia. Akaisoma barua yote, akatingisha kichwa kama daktari. "Fundi, sasa mbona unapinga jambo uliloridhia?" Akafungua droo akatoa muhtasari. Wananchi 63 wameridhia eneo litumike kwa maendeleo. Namba 17, jina langu, na saini yangu na ule mkia wake ninaouzungusha kama naweka lesi kwenye gauni.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Mkutano ule ulikuwa wa taka! Gari la taka lilikuwa halijaja wiki tatu, tukaitwa, tukapiga kelele, mwishoni ikapita karatasi na kreti la soda. Ukisaini, unapewa soda. Nimesaini soda, kumbe nimeridhia sheli. Nikashuka chini kidogo kwenye orodha. Namba 18 pia ni mimi. Siku ile nilimchukulia mama watoto yake. Kwa hiyo katika watu wote wa mtaa huu, mpinzani mkubwa wa sheli ndiye pekee aliyeikubali mara mbili.

"Niligonge?" mwenyekiti akauliza. Akaligonga. Hata ya soda hakuniomba.

Barua ikapokelewa, nakala yangu ikapigwa tarehe, nikaanza kusubiri. Siku ya kumi hivi nikaona vijana wenye kofia ngumu wanachomeka bikoni. Nikamkimbilia yule kijana wa sheria. Akasema njia zipo. Kuna Baraza la Kata, ila tangu 2021 lile kazi yake ni kusuluhisha, halitoi hukumu. Nikamuuliza, linisuluhishe na nani, na mwarobaini? Basi nenda mahakamani, akasema, lakini ukitaka kuishtaki Serikali unatanguliza notisi ya siku 90, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, ndipo ufungue kesi Mahakama Kuu. Nikasema mimi sina ugomvi na Serikali, nina ugomvi na halmashauri. Akacheka. Tangu 2020, sheria ikikuhesabia siku, halmashauri nayo ni Serikali.

Siku 90! Kwa siku 90 maharage unayapanda, unayapalilia, unayala. Sheli kwa siku 90 inajengwa, inazinduliwa kwa ngoma na imeshaanza kuchakachua.

"Basi muandamane," kijana akasema. "Ni kutoa taarifa polisi saa 48 kabla. Na mzee zingatia, sheria inasema taarifa, siyo ombi."

Nikamuuliza kama kirungu nacho kimesoma hapo penye tofauti. Akasema suala hilo watalifikia mwaka wa tatu.

Mama watoto naye hakunisaidia. Amesikia redioni habari za Wangari Maathai. Mwaka 1989, hapo Nairobi, wakubwa walitaka kusimika jengo la ghorofa 60 katikati ya Uhuru Park, yule mama akakaa chini akaandika barua moja baada ya nyingine, ndani na nje ya nchi. Wabunge wakamcheka, wakamtukana mpaka na talaka yake, lakini wenye hela za kujenga wakaingia baridi, na ghorofa likafia kwenye makaratasi. "Mwenzio aliandika barua," mama watoto ananiambia huku anakoroga uji, "akaja akapata na Nobel. Wewe umepata kifua kwa kupanga foleni." Nikamwambia yule barua zake hakupitishia kwa mwenyekiti wa mtaa. Akanyamaza. Siku hiyo nilishinda, niandike mahali.

Juzi tukaitwa tena, mkutano wa kupokea taarifa ya utekelezaji. Safari hii nilikuwa nimejipanga. Soda sikugusa. Karatasi ya mahudhurio ilipofika kwangu nikatoa kalamu yangu mwenyewe nikaandika jina, na pembeni, ili historia isije ikanisingizia: "nimehudhuria, sijakubali". Tatizo zile karatasi zao. Kijumba chake ni chembamba kama tundu la kifungo. Nikaanza vizuri, katikati nikabanwa, nikamalizia kwenye mstari wenyewe: "nimehud. sijakuba".

Mtendaji akachapa muhtasari. Ajenda ya tatu, mengineyo: "Mwananchi mmoja, Ndg. Fundi Sijakuba, alionesha kutoridhika, akaelimishwa."

Na majibu ya pingamizi yametoka! Kweli yametoka, nimepigiwa simu. Bahasha iko masjala, nimeiona kwa dirishani, nene, ina nembo ya ngao. Imeandikwa Ndg. Sijakuba. Dada akaomba kitambulisho, nikampa cha NIDA, akasoma, akaiangalia bahasha, akanirudishia NIDA yangu. Barua ya Serikali, anasema, hapewi mtu baki. Kama kweli mimi na Sijakuba ni mtu mmoja, nikale kiapo cha majina mahakamani, au angalau nilete barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa.

Nimetoka kwa mwenyekiti sasa hivi. Kiti amenifutia. Amesema hilo dogo, ananitambua vizuri tu, muhuri upo na wino upo. Nisaini hapa kwanza.