Naunga Mkono Hoja, Ila Siyo Wangu

Jumamosi nimeacha ndoo zangu za dagaa kwa mtu nisiyemwamini, nikaenda kikao cha wazazi. Barua ilisema saa tatu kamili. Saa tatu kamili tulikuwepo mimi, mlinzi na mbuzi wa mwalimu mkuu. Kikao kimeanza saa tano kasorobo, chini ya mwembe, maana darasani wazazi tusingeenea. Wangetaka, kikao kingefungwa hapo hapo: ajenda yenyewe ilikuwa mlundikano.

Tangu elimu bila ada ianze 2016 watoto wamemiminika kama kumbikumbi, na siyo vibaya, wangu nao wamo. Lakini chumba kimoja kinatakiwa wanafunzi 45. Binti yangu yuko la sita, wako 140. Dawati la watatu wanakaa watano, yule wa pembeni amekaa nusu, nusu nyingine amesimama. Mwalimu akiita majina, akifika kwa akina Zawadi, akina Amina wameshatoroka. Choo sisemi. Mwongozo unataka tundu moja kwa wasichana 20. Pale unapanga foleni kwanza, haja utaikuta mbele.

Zamani mji huu shule ikifura inagawanywa A na B. Kiwanja kile kile, kengele ile ile, walimu wakuu wawili wasiosalimiana. Safari hii imejengwa mpya kabisa, juu kilimani, ng'ambo ya mto Mirongo. Hoja ikaletwa: la tano na la sita wa mtaa wa juu wahamie huko.

Nikasimama wa kwanza. "Mwenyekiti, naunga mkono hoja asilimia mia! Watoto wapungue!" Makofi. Kila mzazi akaunga mkono. Sijawahi kuona watu wa Mwanza tumekubaliana hivyo, hata bei ya sato hatujawahi.

Kisha yakasomwa majina.

Mama mmoja wa vitumbua akashika kiuno: "Mirongo ukijaa, mwanangu atavuka na nini? Mtumbwi?" Huyo nilimwelewa, Mirongo ukifurika hauna adabu. Mwingine akasema makonda wakiona sare hawasimami, nauli ya mwanafunzi haiwanenepeshi. Kweli tupu. Mwingine mtoto wake ana pumu, kilima hapandi, na mtoto mwenyewe wakati huo yuko juu ya jiwe nyuma yetu anaparamia kama pelele.

La kwangu nikaliona zito kuliko yote. Nyumba yangu iko juu ya jabali, kama nyumba za wenye mifuko myepesi wa mji huu, na mpaka wa mitaa unapita hapo hapo. Sebule na vyumba viko mtaa wa chini, choo kiko mtaa wa juu. Nikauliza: "Mheshimiwa, mtoto anahesabiwa anapolala, au anapojisaidia?"

Afisa elimu kata akavua miwani. "Baba, swali zuri. Mchango wa ulinzi unalipia mtaa gani?"

Nikakaa.

Maana wa mtaa wa chini akija, mimi huwa ni mkazi wa juu, namwonyesha na choo kama ushahidi. Wa juu akija, namwambia mzee wangu, huku nakuja kujisaidia tu. Mwaka wa nne huu. Sasa wenyeviti wote wawili walikuwa benchi la mbele, bega kwa bega. Wakaangaliana. Halafu wakageuka taratibu, kwa pamoja.

Kosa jingine ni mdomo. Kikaoni kwetu ukiongea mara mbili unapewa kamati. Nikateuliwa kwenda kuipima njia ya shule mpya, kwa miguu, Jumatatu, na binti yangu, tuone mtoto anatumia muda gani. Posho? Wakacheka, wakafunga kikao kwa sala.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri tumetoka. Hadi darajani nilikuwa mbele. Kilima kilipoanza nikasimama kuangalia ziwa, zuri sana ziwa letu asubuhi. Nikasimama tena kuliangalia. Mara ya nne nimeliangalia nikiwa nimekaa. Binti alikuwa ameshapotea huko juu na begi lake mgongoni.

Nimefika getini nahema kama sangara sakafuni. Yuko dirishani, kwenye dawati peke yake, mikono ameitandaza kama mwenye shamba.

"Baba, majina yameshaitwa. Wewe umeandikwa mtoro."