Mashina Tisa ya Kaštel Novi

Mwaka 2001, katika shamba moja la mizabibu huko Kaštel Novi, pwani ya Dalmatia nchini Kroatia, watafiti walikuta mashina tisa ya zabibu ambayo wenyeji waliiita Crljenak Kaštelanski. Tisa tu, yamejichanganya na maelfu ya mizabibu ya aina nyingine. Vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba zabibu hiyo ndiyo ile ile Zinfandel, iliyoipa California sifa kubwa huku wakulima wake wakibishana miaka na miaka ilitoka wapi. Na ndiyo Primitivo ya Puglia, kusini mwa Italia. Mashamba makubwa yalikuwa ng'ambo ya bahari, na huku nyumbani kwake ilibaki kwenye kona ya shamba la mtu.

Kila nikiyakumbuka mashina yale najiuliza kwa nini mwenye shamba hakuyang'oa. Sababu anazijua mwenyewe. Ila nimekaa na watu wa mizabibu vya kutosha kujua jibu wanalotoa ukiwauliza swali la aina hiyo. Wanakwambia: nilizaliwa nikaukuta. Basi. Kwa mfanyabiashara hilo si jibu hata kidogo, na mimi naamini ndilo lililotuokolea zabibu nyingi kuliko mpango wowote ulioandikwa ofisini.

Mzabibu ukipandwa leo, unasubiri mpaka mwaka wa tatu hivi kabla hujapata mavuno ya kutengenezea mvinyo. Ukitunzwa vizuri unaweza kuzaa miaka hamsini na zaidi. Anayepanda aina isiyojulikana sokoni anaweka rehani miaka yake na ya wanawe kwa jina ambalo mnunuzi hawezi hata kulitamka. Hesabu ya namna hiyo inamwia ngumu mtu mwenye wanahisa wanaotaka gawio kila mwaka. Familia inaiweza, kwa sababu haikuanza kuhesabu jana.

Tazama Timorasso, zabibu nyeupe ya vilima vya Tortona huko Piemonte, Italia. Ilikuwa karibu kutoweka. Inazaa kwa kubahatisha, mwaka huu vizuri na mwakani hovyo, kwa hiyo wakulima walihamia Cortese inayotoa mavuno mengi. Miaka ya 1980, Walter Massa, mtoto wa familia ya wakulima pale pale, akaamua kuirudia. Wengi waliuona uamuzi huo kama kupoteza ardhi. Leo watengenezaji wa Barolo, mvinyo mwekundu maarufu wa Piemonte hiyo hiyo, wenye majina makubwa kuliko yake, wanakwenda kununua mashamba kwenye vilima vile vile ili wapande Timorasso. Huko Campania, kusini mwa Italia, familia ya Mastroberardino ilifanya kazi kama hiyo kwa zabibu ya Fiano baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati ambapo zabibu ile ndogo, yenye maji machache, haikuwa na mtetezi.

Wataalamu waliohesabu zabibu zinazotengenezewa mvinyo wa kuuzwa walipata aina 1,368. Ukisikia idadi hiyo unadhani dunia imejaa ladha. Lakini takwimu za Shirika la Kimataifa la Mzabibu na Mvinyo za mwaka 2017 zilionyesha kwamba aina 13 pekee zinachukua zaidi ya theluthi moja ya eneo lote la mizabibu duniani, na 33 zinachukua nusu. Aina zilizobaki, mamia kwa mamia, zinagawana nusu nyingine, na nyingi zinategemea familia chache mno.

Na familia hizo hazitunzi jina tu. Nenda shambani majira ya baridi, majani yakiwa yamepukutika, umwangalie anayepogoa. Anasimama mbele ya shina moja, anazungusha macho kwanza, mkasi bado umefungwa mkononi. Anachagua tawi la kuacha, anahesabu macho mawili ya tawi, yale yatakayochipua, anakata juu kidogo ya jicho la pili, kwa mshazari, ili maji yatiririke mbali na chipukizi. Anahamia shina linalofuata. Baadhi ya mashina yana uzi uliofungwa tangu msimu wa mavuno, kwa sababu yalibeba vichala vilivyoachana vizuri, vinavyopitisha hewa, visivyooza mvua ikija. Kutoka mashina hayo ndiyo anachukua vipande vya kupanda, kutoka kwa mama wengi badala ya mmoja. Bustani ya miche ingemuuzia maelfu ya miche iliyo pacha wa shina moja. Yeye anataka shamba lenye ndugu, kila mmoja na tabia yake, kwa sababu ugonjwa ukiingia hauwakuti wote wamelala.

Hapo ndipo kilimo hai kinapoingia, na hapo ndipo nisipokubaliana na watu wengi wanaopenda mvinyo kama mimi. Wanasema zabibu ya asili imezoea mazingira yake, kwa hiyo haihitaji dawa. Laiti ingekuwa hivyo. Imeizoea ardhi na hali ya hewa, kweli, na hilo ni jambo kubwa: inajua kuvumilia kiangazi cha pale, inajua lini ichipue. Lakini maadui wakubwa wa mizabibu ya Ulaya walitoka Amerika ya Kaskazini katika karne ya 19, na hakuna zabibu ya Ulaya iliyokuwa imejiandaa. Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu, ulifika, kisha filoksera, mdudu anayekula mizizi, aliyeteketeza mashamba kuanzia miaka ya 1860, kisha ubwiri unyoya, ugonjwa mwingine wa majani na matunda, mwaka 1878. Dawa ya filoksera ikawa kubebesha mizabibu ya Ulaya juu ya mizizi ya Kimarekani. Wakulima walipolazimika kupanda upya kila kitu, waliweka aina zenye faida na kuziacha nyingine zife. Zabibu nyingi za asili tunazozililia leo zilipotea katika uchaguzi huo.

Kinga ya ubwiri unyoya iligunduliwa kwa njia ya ajabu. Huko Médoc, Ufaransa, wakulima walikuwa wakiipaka mizabibu ya kando ya barabara mchanganyiko wa mrututu, chumvi ya shaba yenye rangi ya samawati, na chokaa ili wapita njia wasiibe zabibu. Mtaalamu wa mimea, Pierre-Marie-Alexis Millardet, akaona mizabibu iliyopakwa imebaki na majani mabichi huku ya ndani imeungua kwa ugonjwa. Mwaka 1885 akatangaza matokeo yake. Mpaka leo mkulima wa kilimo hai anategemea shaba hiyo hiyo, na salfa kwa ubwiri unga. Ukipita shambani asubuhi baada ya dawa, utaona majani yana madoa ya samawati yaliyokauka.

Shaba haiozi. Inakaa kwenye udongo, na ikizidi inaumiza minyoo na viumbe vidogo vinavyoupa udongo uhai. Ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka 7. Mwaka wa mvua nyingi, kikomo hicho kinambana mkulima kweli kweli. Mimi namheshimu mtengenezaji anayeniambia bila kuficha amenyunyiza mara ngapi na kilo ngapi kuliko anayenionyesha picha ya kipepeo kwenye lebo.

Na naiamini zaidi familia katika jambo hili kwa sababu ya kawaida kabisa. Anayenyunyiza ndiye anayelala hapo. Watoto wake wanacheza kati ya mistari, maji ya kisima yanapita chini ya udongo ule ule, na shamba likichoka ni mwanawe atakayelirithi limechoka. Mkaguzi wa cheti cha kilimo hai anakuja kwa ratiba, ila mama mwenye nyumba yupo kila siku.

Sheria yenyewe ya kilimo hai ni ya chini kuliko wanywaji wanavyodhani. Kabla ya mavuno ya 2012, Ulaya haikuwa hata na kanuni za mvinyo hai, ilitambua zabibu hai tu, na yanayofanyika kwenye mapipa yalikuwa juu ya mtengenezaji. Sasa mvinyo mwekundu mkavu wa kilimo hai hauruhusiwi kuzidi miligramu 100 za salfaiti, kihifadhi cha mvinyo, kwa lita, wakati ule wa kawaida unaruhusiwa 150. Ni hatua nzuri, lakini cheti hakikuulizi umepanda nini. Mtu anaweza kung'oa zabibu ya babu yake, akapanda Chardonnay, zabibu inayolimwa kila pembe ya dunia, na akapewa cheti bila neno. Kwangu mimi hiyo ni nusu ya kazi. Familia inayolima kilimo hai na kushikilia zabibu ya pale imebeba nusu zote mbili, na inapouza chupa yake ghali kidogo mimi siombi punguzo.

Mashina yale tisa yalikatwa vipande, vikapandwa, vikazaa vingine. Kwenye pwani ile ya Dalmatia sasa kuna mashamba mapya, na chupa zinauzwa zikiwa na jina la kale la zabibu hiyo, Tribidrag.